Simba 2025/26: Nani Amebaki?

Kwenye kijiwe kimoja cha kahawa Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi yalipo makao makuu ya klabu ya Simba, kuna mzee mwenye daftari la jalada gumu, lile la aina waliyokuwa wakiandikia mahesabu makarani wa zamani. Kila msimu unapoanza huandika humo kikosi cha kwanza cha Simba, namba moja hadi kumi na moja, kwa kalamu ya bluu. Kisha huchukua kalamu nyekundu na kulipigia mstari chini kila jina lililokuwepo kwenye ukurasa wa mwaka uliotangulia. Haandiki matokeo wala makocha.

Nilimwomba anifungulie kurasa mbili. Wa 2020 umejaa wekundu juu mpaka chini. Wa 2024 mistari yake inahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. "Mwanangu," aliniambia huku akinisogezea kikombe, "mimi sitazami nani kaja. Natazama nani kabaki."

Nimekaa na kauli hiyo kwa wiki kadhaa sasa, wakati kila redio ikitaja majina mapya na kila shabiki akipanga kikosi chake. Ni mwanzoni mwa Septemba 2025, na ligi inaanza katikati ya mwezi. Siku ya Simba, tamasha la kutambulisha kikosi, inakaribia, na siku chache baada yake Ngao ya Jamii, mechi ya kufungua msimu, dhidi ya Yanga. Naipenda klabu hii, na ndiyo maana nataka kuipima kwa haki: Simba ina nafasi gani msimu huu?

Tuanze na hesabu ya msimu uliopita wa 2024/25, maana imesahaulika mapema mno. Simba ilicheza mechi 30, ikashinda 25, ikatoka sare tatu na kupoteza mbili. Pointi 78. Katika misimu mingi, pointi hizo ni kombe mkononi. Yanga ilimaliza na 82. Mechi mbili ambazo Simba ilipoteza zote zilikuwa dhidi ya Yanga: 1-0 Oktoba 2024, kwa bao la kujifunga dakika za mwisho, na 2-0 Juni 25, 2025, siku ambayo ushindi ungeipa Simba ubingwa.

Sasa chukua kalamu. Zigeuze mechi hizo mbili ziwe sare, sare tu. Simba inapata pointi mbili na kufikisha 80. Yanga inapoteza nne na kubaki na 78. Bingwa ni Simba. Kwa hiyo anayesema kikosi hiki ni kibovu hajaitazama ligi. Timu iliyowafunga wengine wote, au angalau kutofungwa nao, haihitaji kubomolewa. Inahitaji kujifunza kusimama imara kwa dakika 90 mbele ya mpinzani mmoja, ambaye tangu Novemba 2023, alipoifunga 5-1, ameishinda mara tano mfululizo ukijumlisha na Ngao ya Jamii ya 2024.

Kwa nini mpinzani huyo mmoja? Jibu linalotolewa haraka ni kocha. Tangu Didier Gomes aondoke mwishoni mwa 2021, benchi la Msimbazi limekaliwa na Pablo Franco, Zoran Maki, Juma Mgunda, Roberto Oliveira, Abdelhak Benchikha, Mgunda tena, kisha Fadlu Davids. Ni msururu mrefu, na mtu ana haki ya kusema hapo ndipo ugonjwa ulipo. Lakini Yanga nayo msimu uliopita ilikuwa na makocha watatu: ilianza na Miguel Gamondi, ikaenda kwa Sead Ramovic, ikamaliza na Miloud Hamdi. Na kombe ikachukua. Turudi pia nyuma, kwenye mataji manne mfululizo ya Simba yenyewe. La 2018 lilibebwa na Pierre Lechantre, la 2019 na Patrick Aussems, la 2020 na Sven Vandenbroeck, la 2021 na Gomes. Mataji manne, makocha wanne.

Kilichobaki palepale miaka hiyo ni wachezaji. Mwaka 2017 Simba iliwachukua kutoka Azam Aishi Manula, Shomari Kapombe, Erasto Nyoni na John Bocco, wakawakuta Mohammed Hussein 'Tshabalala' na Jonas Mkude. Mwaka uliofuata wakaja Pascal Wawa, Clatous Chama na Meddie Kagere. Kipa, mabeki, kiungo na mfungaji wakakaa pamoja mpaka kila mmoja akajua mwenzake anapoelekea kabla hajageuza shingo. Yanga ikafanya vivyo hivyo baadaye: Djigui Diarra langoni, na mbele yake Dickson Job, Ibrahim Hamad 'Bacca' na Bakari Mwamnyeto. Makocha wamepita, hao wamebaki, na mataji manne yamefuatana kuanzia 2022 hadi 2025. Kwa miaka minane ubingwa wa nchi hii umekwenda kwa timu iliyokuwa na uti wa mgongo usioguswa. Mzee wa daftari hajakosea.

Kwa kipimo hicho, dirisha hili la usajili linanitia mashaka upande mmoja na matumaini upande wa pili.

Mashaka ni walioondoka. Tshabalala alikuja kutoka Kagera Sugar mwaka 2014, akavaa jezi nyekundu kwa miaka 11 na kuwa nahodha. Mwaka 2025 akahamia Yanga. Mashabiki wengi wanauona usajili huo kama usaliti. Mimi nauona kama hasara ya kiufundi kwanza. Tazama mechi yoyote ya Simba ya miaka ya karibuni, timu ikiwa imebanwa: kipa anaposhika mpira, macho yanakwenda kushoto. Pale alikuwepo mtu anayepokea mpira akiwa amekwishajua atautoa wapi, na ananyoosha mkono kumwonyesha beki wa kati asogee. Ule mkono haununuliwi kwenye dirisha moja. Anthony Mligo kutoka Namungo na Naby Camara wanaweza kukimbia na kukaba. Kuwapanga wenzao watajifunza kwa kucheza, na watajifunza ndani ya mechi ambazo mashabiki hawatakuwa na subira.

Che Malone naye ameondoka katikati ya ulinzi, na Fabrice Ngoma ameondoka kwenye kiungo. Nahodha, beki wa kati na kiungo wa chini kuondoka kwa pamoja si jambo dogo. Ni nusu ya mgongo.

Matumaini ni waliobaki, na hapa naona tofauti na mwaka 2024, pale kikosi kilipojengwa upya karibu chote. Moussa Camara yupo langoni. Kapombe yupo kulia. Abdulrazack Hamza yupo katikati ya ulinzi, Yusuph Kagoma kwenye kiungo cha ukabaji. Elie Mpanzu yupo pembeni, na Jean Charles Ahoua, mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16, yupo nyuma ya mshambuliaji. Hao wamekwisha kucheza pamoja na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, fainali ya kwanza ya Afrika kwa Simba tangu ile ya 1993 iliyopotea kwa Stella ya Abidjan.

Waliokuja wanaingia kwenye mapengo yanayoonekana, si kwa ajili ya mbwembwe. Rushine De Reuck, kutoka Mamelodi Sundowns, kwenye nafasi ya Che Malone. Alassane Kanté, kutoka CA Bizertin ya Tunisia, kwenye nafasi ya Ngoma. Jonathan Sowah, aliyejiunga na Singida Black Stars dirisha dogo la Januari na kufunga mabao 13 katika nusu msimu, kama namba tisa. Tatizo ni muda. Kapombe, Kagoma na wazawa wengine walikuwa na timu ya taifa, Taifa Stars, mwezi Agosti kwa ajili ya mashindano ya CHAN, wakati wenzao walikuwa kambini Misri. De Reuck na Hamza hawajapata mazoezi ya kutosha ya kuzoeana, na Ngao ya Jamii haisubiri.

Fainali ile ya Shirikisho, dhidi ya RS Berkane, inapaswa kuwa somo. Simba ilifungwa mabao mawili ndani ya robo saa ya kwanza kule Morocco, ikashindwa kuyarudisha Zanzibar ilipotoka sare ya 1-1. Haikuzidiwa kwa dakika 180. Ilizidiwa kwa dakika 15, kabla mabeki hawajapangana. Timu iliyokaa pamoja miaka mitatu huvuka dakika kama hizo kwa kelele mbili tatu za nahodha.

Wapinzani nao hawajalala. Yanga imempoteza Stephane Aziz Ki na Khalid Aucho, lakini ukuta wake ni uleule. Azam imemleta Florent Ibenge. Singida imemchukua Gamondi, na imewakusanya Aucho na Chama. Pointi za ugenini ambazo Simba ilikuwa ikizichukua kwa mazoea zitapatikana kwa jasho mwaka huu.

Hukumu yangu ni hii. Afrika, Simba itaanza na Gaborone United ya Botswana, na kufika makundi ya Ligi ya Mabingwa ni wajibu. Robo fainali inawezekana. Ligi Kuu, naiona nafasi ya pili, si mbali na ya kwanza. Ubingwa utakuja endapo tu safu ya Camara, Hamza, De Reuck na Kanté itaelewana kabla ya Novemba, na endapo Simba itajifunza kuichukua sare dhidi ya Yanga pale ushindi unapokataa.

Wasiwasi wangu mkubwa hauko uwanjani. Uko kwenye kikao kitakachoitishwa baada ya kufungwa mechi moja kubwa, pale watu watakapotaka vichwa na kutaja majina ya kuachwa. Viongozi wa Simba wakiwahi kuwaongezea mikataba Camara, Hamza, Kagoma na Ahoua kabla ya kikao hicho, watakuwa wamefanya usajili mkubwa kuliko wowote waliotangaza msimu huu. Wakishindwa, mwakani mzee ataandika tena majina kumi na moja kwa kalamu ya bluu, na ile nyekundu haitakuwa na kazi.