Mahali pa Betri katika Gari la Kujiundia

Gari la kujiundia ni gari ambalo mnunuzi hulipokea likiwa vipande, chasisi, bodi, injini na vifaa vingine vikiwa mbalimbali, kisha akaliunganisha mwenyewe katika gereji yake au kwa msaada wa fundi. Utamaduni huu ulistawi sana nchini Uingereza, na gari lililoupa sura yake ni Lotus Seven, lililobuniwa na Colin Chapman na kuanza kuuzwa mwaka 1957, gari dogo jepesi lenye viti viwili ambalo wengi walilinunua likiwa vipande kwa sababu kodi iliyotozwa magari kamili haikuligusa gari la namna hiyo. Nafuu hiyo ya kodi ilikwisha mwaka 1973, lakini mwaka huohuo kampuni ya Caterham Cars ilichukua haki za kuliunda gari hilo, na hadi leo umbo lake linaendelea kuuzwa na kuigwa na watengenezaji wengi wadogo.

Katika gari lililotoka kiwandani, mahali pa betri pamekwisha kuamuliwa na wahandisi, ilhali katika gari la kujiundia uamuzi huo mara nyingi humwangukia mwundaji, naye huufikia akiwa amechoka, bodi imekwisha kufungwa, na nafasi iliyobaki ndiyo inayomchagulia. Huo ndio utaratibu mbovu kuliko yote, kwa kuwa betri ni kifaa chenye uzito mkubwa, chenye tindikali, chenye uwezo wa kutoa umeme wa mamia ya ampea kwa mara moja, na kila moja ya sifa hizo ina dai lake kuhusu mahali inapopaswa kukaa. Mahali pa betri hupangwa chasisi ikiwa bado wazi.

Betri ya kawaida ya volti 12 ina seli sita, yaani vyumba sita vyenye bamba za risasi zilizozama katika tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji, na kwa gari dogo uzito wake huwa takriban kilo 12 hadi 20. Katika gari la tani moja na nusu uzito huo hausikiki, lakini gari la aina ya Seven lina uzito wa kilo 500 hivi, na umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni takriban mita 2.25. Betri ya kilo 15 ikihamishwa mita 2 kuelekea nyuma, hesabu rahisi ya wenzo inaonyesha kwamba zaidi ya kilo 13 huondolewa kwenye magurudumu ya mbele na kuongezwa kwenye ya nyuma, na dereva makini atahisi tofauti hiyo katika usukani na wakati wa kupiga breki. Hata hivyo, si kila uhamisho kwenda nyuma ni faida, kwa maana uzito uliowekwa mwishoni kabisa mwa gari hulifanya gari kuwa zito kuanza kugeuka na zito pia kuacha kugeuka likishaanza. Kwa hiyo uzito bora ni ule ulio chini na kati ya ekseli mbili.

Dai la pili ni la waya, na hapa ndipo wengi wanaopenda kupeleka betri nyuma wanapojisahau. Stata, yaani mota ndogo inayoizungusha injini ili iwake, huweza kuvuta ampea 200 au zaidi, na shaba, ingawa hupitisha umeme vizuri, haikosi ukinzani. Waya wenye eneo la shaba la milimita 25 za mraba na urefu wa mita 4 ukipitisha ampea 200 hupoteza zaidi ya nusu volti kabla umeme haujafika kwenye stata, na asubuhi ya baridi, betri inapokuwa dhaifu, nusu volti hiyo yaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya injini kuwaka na kutowaka. Mwundaji anaweza kutumia waya wa milimita 50 za mraba na kupunguza hasara hiyo kwa nusu, lakini shaba ya waya huo peke yake ina uzito unaokaribia kilo 2, hivyo sehemu ya faida iliyotafutwa inaliwa na waya wenyewe. Zaidi ya hayo, umeme unahitaji njia ya kurudi kwenye nguzo hasi ya betri. Bodi ya faiba haipitishi umeme hata kidogo, na injini hukaa juu ya mipira inayoitenga na chasisi, kwa hiyo ni lazima pawe na waya mnene unaounganisha injini na chasisi, na sehemu ya chasisi unapofungwa ikwanguliwe rangi hadi chuma kionekane.

Jambo zito zaidi ni kwamba waya mkuu wa stata kwa kawaida hauna fyuzi, kile kifaa kinachoyeyuka na kukata umeme unapozidi kiasi, kwa sababu mkondo wa stata ni mkubwa mno. Waya huo ukisuguana na ukingo wa bati hadi gamba lake likachubuka, hakuna kitakachouzuia kuwaka moto isipokuwa swichi kuu ya kukata umeme iliyo karibu na betri, na katika Seven tanki la petroli liko nyuma, palepale ambapo betri iliyohamishwa ingekaa. Kila tundu unalopita waya huo linahitaji pete ya mpira, na waya wote ubanwe kwa vibanio vilivyokaribiana usipate nafasi ya kucheza.

Joto nalo lina neno lake. Mafundi wa betri hukadiria kwamba kila joto la betri linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, umri wake hukaribia kupungua kwa nusu, kwa hiyo betri iliyo karibu na bomba la moshi haitadumu bila ngao ya bati katikati. Upande wa hewa, betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa iliyoizunguka, na ndiyo maana Mazda MX-5 ya mwaka 1989, iliyowekewa betri kwenye buti, ilitumia betri iliyofungwa yenye mrija wa kupeleka gesi nje ya gari. Ndani ya chumba cha abiria betri yaweza kukaa, kama Land Rover Defender inavyoonyesha kwa kuihifadhi chini ya kiti cha mbele, mradi iwe ndani ya kisanduku na nguzo zake zifunikwe. Katika Volkswagen Beetle, ambapo betri iko chini ya kiti cha nyuma, springi za kiti zilizolegea ziliwahi kugusa nguzo hizo na kuwasha moto.

Popote inapowekwa, betri ifungwe kwenye mabomba ya chasisi kwa bolti na upau wa chuma, wala si kwenye bati jembamba au faiba, kwani katika mgongano wenye mshtuko wa mara 20 ya mvuto wa dunia betri ya kilo 15 hujivuta kama mzigo wa kilo 300.

Kwa gari la aina ya Seven linalotumika barabarani, mahali panapokidhi madai mengi zaidi ni rafu iliyo nyuma ya injini, mbele ya ukuta wa chumba cha abiria: waya ni mfupi, uzito uko kati ya ekseli, hewa inapita, tanki liko mbali, na fundi akifungua boneti anaifikia betri bila kung'oa kitu. Anayechagua buti awe na sababu aliyoipigia hesabu, na awe tayari kuigharimia kwa waya mnene, kisanduku chenye mrija na swichi kuu.