Dawa Iutulizayo Moyo
Mtu akishtushwa na kishindo usiku, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu, nayo, ifikapo moyoni, huingia katika vipokezi vyake mithili ya ufunguo katika kitasa, na moyo ukaenda mbio. James Black wa Uskoti, aliyetunukiwa Nobel mwaka 1988, alibuni propranololi, dawa ikaayo katika kitasa hicho pasipo kukifungua, hata adrenalini ikakuta pamezibwa. Lakini mwenye pumu asiithubutu, kwani huweza kuzibana njia za pumzi. Na atumiaye insulini ajue kwamba dawa hii huuficha ule mpapatiko wa moyo umwonyao sukari ikishuka, ingawa jasho humtoka vile vile. Wala mgonjwa asiikatize ghafla, ati amepata nafuu: tabibu humpunguzia kidogo kidogo, asije akashikwa na maumivu makali ya kifua.