Kabla ya Kupanda Lori: Kijana wa Heru Juu Achague Kampuni Gani?

Babu za vijana wa Heru Juu walikwenda kazini bila kumchagua mwajiri. Katika miaka ya 1940 na 1950, mawakala wa mashamba ya mkonge walipita katika vilima vya Buha wakiandikisha nguvukazi. Waliokubalika baada ya kupimwa afya walipewa namba, wakasafirishwa kwenda mashambani Tanga na kwingineko, nao wakaitwa manamba. Mganga wa wakati ule aliupima mwili wa mtu ili kujua kama unafaa kwa shamba. Hakuna aliyelipima shamba ili kujua kama linafaa kwa mtu.

Mjukuu wa leo ana nafasi ambayo babu hakuwa nayo. Barabara inayotoka Nyakanazi kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, mpakani mwa Burundi, imekuwa ikijengwa kwa kiwango cha lami, na juu yake hupita malori yenye saruji, nondo, mabomba, mbao na mitambo. Mengi huvuta trela tambarare, lile lisilo na kuta wala paa. Kijana aliyemaliza shule na asiyeridhika na jembe huyatazama malori hayo akaona mustakabali wake. Swali lake huwa moja: ni kampuni gani itanichukua? Swali linalomfaa zaidi ni lile ambalo babu hakuruhusiwa kuuliza: kampuni hiyo inanifaa mimi?

Chukua mfano wa kijana wa miaka 24 ambaye mama yake ameuza maharage ya msimu mzima ili amlipie ada ya mafunzo ya udereva. Amepata leseni, naye ameitwa na kampuni mbili. Ya kwanza inamwambia aje kesho, asafiri mara tatu na dereva mzoefu, kisha akabidhiwe gari lake na kulipwa kwa kila safari. Ya pili inataka akae miezi mitatu uwanjani na njiani chini ya mkufunzi, kwa posho ndogo, kabla ya kuguswa na jukumu la mzigo. Nyumbani wanahitaji fedha. Mjomba anasema fedha ya kesho ni bora kuliko ahadi. Mfano huu ni wa kubuni, lakini uamuzi wenyewe hufanywa kila mara katika nyumba za kweli, na matokeo yake hufika katika wodi za mifupa.

Trela lisilo na kuta

Kontena hushikwa na kufuli za chuma kwenye pembe zake nne. Mafuta hukaa ndani ya tangi. Mzigo wa trela tambarare hushikwa na minyororo, mikanda na akili ya aliyeifunga. Kanuni zinazofuatwa katika nchi nyingi hudai kwamba vifungo viweze kuhimili, kwa upande wa mbele, nguvu inayolingana na asilimia 80 ya uzito wa mzigo, na asilimia 50 kwa pembeni na nyuma. Kwa tani 25 za nondo, vifungo viwe tayari kuzuia nguvu ya tani 20 zinazotaka kwenda mbele. Dereva akikanyaga breki ghafla, lori husimama, lakini nondo hazina breki. Zilizofungwa ovyo huendelea na safari, na kilicho mbele yao ni kichwa cha lori, pamoja na mgongo wa aliyeketi ndani yake.

Mzigo nao hubadilika njiani. Hutetemeka, hujipanga upya, na mkanda uliokazwa asubuhi hulegea kabla ya adhuhuri. Ndiyo maana kanuni za Marekani humtaka dereva akague vifungo ndani ya maili 50 za mwanzo, yaani kilomita 80 hivi, kisha arudie kukagua kila baada ya muda au umbali uliowekwa. Ujuzi huu hauandikwi kwenye leseni. Leseni ya daraja E humruhusu mtu kuendesha gari kubwa la mizigo. Haithibitishi kwamba anajua kumfunga chuma aliyelala juu ya bodi tupu. Ujuzi huo hupatikana kwa kufundishwa, na mahali pa kufundishwa ni kwenye kampuni.

Mwili unaolipa gharama

Bodi ya trela huwa juu ya ardhi kwa takriban mita moja na nusu, na aliyepanda juu ya mzigo yuko juu zaidi. Anayeanguka kutoka hapo huumiza kichwa, kifundo cha mkono au uti wa mgongo. Mtaimbo wa kukazia mnyororo ukiponyoka huweza kuvunja taya. Mkanda uliochanika ukikatika hupiga kama mjeledi. Turubai kubwa lililolowa mvua laweza kuzidi uzito wa mfuko wa saruji, na mara nyingi hubebwa na mtu mmoja, begani, akipanda ngazi isiyo imara.

Madhara mengine huja polepole. Kuketi saa nyingi juu ya kiti kinachotetemeka huchosha pingili za mgongo. Chakula cha njiani chenye mafuta na chumvi nyingi, pamoja na kukosa mazoezi, hufungua mlango wa shinikizo la juu la damu na kisukari. Wengine hupunguza kunywa maji ili wasisimame, jambo linaloongeza hatari ya mawe kwenye figo. Anayelala chini ya trela bila chandarua katika Mkoa wa Kigoma hujiweka mikononi mwa malaria.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote huenda ni usingizi, kwa kuwa haimuumizi dereva peke yake. Utafiti uliofanywa Australia katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hufanya kazi za umakini sawa na mtu mwenye gramu 0.5 za pombe katika kila lita ya damu. Huyo hajanywa hata tone, wala kifaa cha trafiki cha kupima pumzi hakiwezi kumgundua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu takriban milioni 1.19 kila mwaka, nazo ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Kijana wa mfano wetu yumo ndani ya umri huo, kama walivyo wengi wa watoto wanaovuka barabara akipita.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini

La kwanza ni hili: nani atanifundisha, na kwa muda gani? Desturi ya zamani ni utingo kukaa miaka na dereva na kujifunza kwa kuibia usukani usiku. Njia hiyo imewatoa madereva hodari. Imewatoa pia wenye mazoea mabaya ya walimu wao, tena anayeendesha bila leseni stahiki huweka hatarini haki ya bima ajali ikitokea. Njia iliyo salama huanza chuoni, iwe katika vyuo vya VETA au Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichopo Mabibo, Dar es Salaam, kisha huendelea kwenye kampuni iliyo tayari kumtaja mkufunzi na mizigo atakayomfundisha mwanafunzi kuifunga: nondo, mabomba, mbao, mitambo yenye magurudumu. Kila mzigo una ukorofi wake. Safari tatu hazitoshi kuujua.

La pili: vifaa viko wapi? Mwombaji aombe kuonyeshwa uwanja. Atazame kama kuna ngazi, kofia ngumu, glavu, viatu vyenye ncha ya chuma, na vilinda-kona vinavyozuia mkanda kukatwa na ukali wa chuma. Atazame mikanda yenyewe. Kampuni inayofunga mikanda iliyochanika na kuungwa kwa mafundo imeshajibu swali kabla hajauliza.

La tatu: ninalipwa kwa nini? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa juma na saa 9 kwa siku. Hata zikijumlishwa saa za ziada, siku ya kazi haipaswi kuzidi saa 12. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60, na kwa kawaida apate saa 12 za kupumzika kati ya siku na siku, pamoja na saa 24 kila juma. Malipo ya kila safari, yasipokuwa na mshahara wa msingi, humfanya dereva aione kila saa ya usingizi kama hasara. Ratiba ya kampuni iulizwe kwa saa, isiulizwe kwa kilomita.

La nne: nikiumia, nani atanihudumia? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inahusu pia upimaji wa afya za wafanyakazi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, huchangiwa na mwajiri wala si kwa kumkata mfanyakazi. Mwombaji aulize kama kampuni imesajiliwa, na kama mwanafunzi naye anahesabiwa tangu siku ya kwanza au baada ya kukabidhiwa gari. Jibu liwe ndani ya mkataba ulioandikwa. Iwapo mkataba unamfunga arudishe gharama za mafunzo akiondoka, kiasi na muda viandikwe kwa tarakimu, na kijana ausome pamoja na mtu anayemwamini.

La tano ndilo linalopima mengine yote: dereva akikataa kuondoka, anafanywa nini? Uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ni tani 56, lori pamoja na mzigo. Atakuja msimamizi na mzigo uliozidi, au uliofungwa nusu, au safari ya usiku kwa mtu ambaye hajalala. Swali hili lisiulizwe ofisini. Liulizwe kwa madereva wawili au watatu, penye mizani au kwa mama lishe, bila bosi kuwapo. Wakicheka na kunyamaza, hilo nalo ni jibu.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Dereva akifika zahanati huonekana kama mgonjwa mwingine wa mafua au mgongo. Swali dogo la "unafanya kazi gani?" hubadilisha tiba. Dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, kama klorofeniramini, zisitolewe kwa mtu atakayeshika usukani usiku huo bila onyo lililo wazi. Mwenye kisukari anayetumia glibenklamidi au insulini afundishwe dalili za sukari kushuka, na asiendeshe bila kula. Anayepewa dawa ya kuongeza mkojo kwa ajili ya shinikizo la damu apangiwe saa ya kuinywa inayolingana na safari zake, la sivyo ataiacha. Anayekoroma sana na kusinzia mchana achunguzwe kukatika kwa pumzi usingizini, hasa akiwa mnene.

Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI asilazimishwe kuchagua kati ya kliniki na kazi. Aliye imara kiafya aweza kupewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo mmoja, na kadi yake ieleze wazi tiba anayotumia ili kituo kingine kimhudumie akikwama njiani. Kwa mwombaji mpya, kipimo cha macho, shinikizo la damu na sukari ni mtaji sawa na leseni. Mwenye historia ya kifafa au kuzimia aelezwe ukweli kwa upole, faraghani. Kumficha ukweli huo hakumsaidii yeye wala abiria wa basi atakalopishana nalo.

Jibu kwa mjomba

Mjomba wa kijana hajakosea kuhofia njaa. Miezi mitatu ya posho ndogo ni mirefu kwa nyumba iliyokwisha kuuza maharage yake. Lakini hesabu ya mjomba imeacha kitu nje. Mguu uliovunjika paja huweza kumweka mtu nje ya kazi kwa miezi mingi, na uti wa mgongo uliokatika haurudi. Mtu wa miaka 24 aliyebaki kitandani Heru Juu huhitaji mwingine wa kumgeuza usiku na mchana, na huyo mara nyingi huwa ni mama yuleyule aliyelipa ada.

Kwa hiyo kijana ana haki ya kumjibu mjomba wake kwa heshima: fedha ya kesho naitaka, mjomba, lakini naitaka na ya mwaka wa kumi. Kampuni ya pili nayo isikubaliwe kwa kuwa imesema miezi mitatu tu. Iulizwe maswali yaleyale matano. Kama nayo haina majibu, kusubiri mwito wa tatu si uvivu. Zamani mwili wa mtu wa Buha ulipimwa na wengine kwa ajili ya kazi. Mjukuu sasa anayo ruhusa ya kuipima kazi kwa ajili ya mwili wake, na zahanati iliyo karibu naye yaweza kuwa mahali pa kwanza pa kumfundisha namna ya kuipima.