Sadaka ya Shule Haiishi Kwenye Jengo

Mtu akipita Tudor, mjini Mombasa, huyaona majengo ya kale ya Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, yenye kuba na matao kama ya msikiti. Wengi wa vijana wanaoingia na kutoka mle hawajui asili yake. Chuo hicho kilianza kwa jina la MIOME, yaani Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, na sehemu kubwa ya fedha za kukianzisha ilitolewa na Waislamu kwa ajili ya vijana wa Kiislamu wa Afrika ya Mashariki.

Habari yake yafaa kukumbukwa, kwani hata leo misikitini mwetu hapakosi tangazo la mchango wa shule. Michango hiyo ni kheri, wala hapana wa kuikataa. Lakini je, tunajua tunachochangia?

Wazo la MIOME lilizuka katika miaka ya 1940. Zama zile shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamishonari, na wazazi wengi wa pwani walichelea kuwapeleka watoto wao huko wasije wakaiacha dini yao. Mtoto alihitimu chuoni akaijua Kurani vyema, lakini kazi nyingi za ofisini na za ufundi zikashikwa na wengine. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi alipofariki mwaka 1947, alikuwa ameliona jambo hilo mapema. Katika gazeti lake la Al-Islah, lililotoka mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu wasome elimu za zama zao pamoja na dini, wala wasidhani kwamba moja huiua nyingine.

Taasisi ilipoundwa mwaka 1948, wenye mali waliitikia. Aga Khan aliahidi pauni 100,000. Jamaa wa Bohora wakaahidi pauni 50,000. Sultani wa Zanzibar, Seyyid Khalifa bin Harub, naye alitoa, na serikali ya kikoloni ikatia fungu lake. Msomaji na atazame vizuri orodha hiyo: Ismailia, Bohora na Ibadhi katika mfuko mmoja, kwa faida ya vijana ambao wengi wao walikuwa Sunni. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951, wakafundishwa ufundi wa umeme, wa mitambo na wa mbao.

Wala hiyo haikuwa sadaka ya kwanza ya namna hiyo mjini Mombasa. Katika miaka ya 1920, mwana wa tajiri Allidina Visram alijenga shule kwa kumbukumbu ya babake aliyefariki mwaka 1916. Shule hiyo ya sekondari bado ipo, na imesomesha watoto wa kila kabila na kila dini.

MIOME nayo ilibadilika. Mwaka 1966 iligeuzwa kuwa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa, mlango ukiwa wazi kwa watu wote. Mwaka 1972 ikawa Politekniki, na mwaka 2013 ikawa chuo kikuu kamili. Wako wanaosikitika kwamba jina la Kiislamu limeondoka. Lakini aliyechimba kisima hapungukiwi na thawabu kwa kuwa wanywaji wameongezeka. La kuangalia ni sababu ya kisima kutokauka. Kila zama alikuwapo mwenye kulipa mishahara ya walimu na kununua vifaa vya karakana. Hapo mwanzo walikuwa wafadhili na serikali ya kikoloni. Baadaye mzigo ukabebwa na serikali ya Kenya.

Kuta bila walimu

Sasa tutazame upande wa pili. Mwaka 1963 Mzee Jomo Kenyatta alitoa mwito wa Harambee, na wananchi wakauitikia kwa nguvu ya ajabu. Katika miaka ya 1970 shule za sekondari za Harambee zilizidi zile za serikali kwa idadi. Watu walitoa mbuzi, mawe, mabati na nguvu za mikono yao. Kwa kweli ni jambo la fahari, na maelfu ya watoto ambao wangebaki nyumbani waliingia darasani kwa sababu yake.

Hata hivyo, taabu ilianza baada ya sherehe. Siku ya mchango wakubwa huja, hotuba hutolewa, majina husomwa na makofi hupigwa. Mwezi ukiisha, mwalimu ataka mshahara, na mgeni wa heshima hayupo. Shule nyingi za Harambee zilikuwa na walimu wasiosomea ualimu, hazikuwa na maabara, wala maktaba hazikujulikana. Matokeo ya mitihani yakawa mabaya. La kusikitisha zaidi ni kwamba mzazi masikini, ambaye mtoto wake alikosa nafasi katika shule ya serikali, mara nyingi ndiye aliyetozwa karo kubwa kuliko mwenzake. Nyingi katika shule hizo ziliponea kwa kuchukuliwa na serikali.

Kosa halikuwa katika moyo wa kutoa. Watu walichangia kitu kinachoonekana, wakasahau kisichoonekana. Ukuta una jina la mfadhili. Mshahara wa mwalimu wa hesabu hauna kibao.

Dawa tunayo wenyewe

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta dawa ya jambo hili. Wazee wetu waliijua wakfu. Mtu aliweka nyumba, duka au shamba la minazi kwa ajili ya msikiti. Mali yenyewe haiuzwi wala hairithiwi, na pato lake hutumika kwa kazi iliyotajwa. Ndiyo maana iko misikiti ambayo mafuta ya taa na posho ya imamu havikukosekana miaka mingi baada ya mwenye wakfu kufa. Hiyo ndiyo sadaka inayoendelea, ambayo Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba haikatiki kwa mauti, sawa na elimu yenye manufaa na mwana mwema amwombeaye mzazi wake.

Basi kwa nini tusiwe na wakfu wa shule kama tulivyo na wakfu wa msikiti? Tuchukue mfano. Duka moja likilipa kodi ya shilingi 15,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni shilingi 180,000. Kama mtoto wa shule ya kutwa ahitaji shilingi 18,000 kwa mwaka, duka hilo litasomesha watoto kumi, na mwaka ujao kumi, bila ya kuitisha mchango tena.

Mahitaji yenyewe ni ya kweli. Tangu mwaka 2008 serikali imekuwa ikilipia masomo katika sekondari za umma za kutwa. Lakini sare, chakula cha mchana na nauli humwangukia mzazi, na anayelala bweni ana karo yake. Mtoto wa mvuvi haachi shule kwa kukosa jengo. Huiacha kwa kukosa vitu hivyo vidogo, na binti ndiye wa kwanza kuambiwa angoje nyumbani.

Na zaka je? Kwa kauli ya wanazuoni wengi, zaka hujengewi jengo. Hupewa mtu astahikiye. Mwanafunzi fakiri ni mtu. Mwenye mali na amwulize shekhe wake, huenda akagundua kwamba wa kusomeshwa yuko nyumba ya tatu kutoka kwake.

Kwa hiyo kamati ikija na ramani ya shule mpya, tuipokee kwa furaha, kisha tuwaulize wanakamati kwa adabu: mwalimu wa mwaka wa tatu atalipwa na nani? Wakiwa na jibu, tuchange. Wakiwa hawana, tukae nao tulitafute jibu kabla ya jiwe la msingi kuwekwa. Asiye na duka la kuweka wakfu anaweza kushirikiana na jamaa tisa wakamchukua mtoto mmoja mpaka amalize. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.