Fahamu: Nyama nyekundu ina faida na madhara gani?
Nyama ya ng'ombe, mbuzi au kondoo hujenga mwili: ina protini, madini ya chuma na vitamini B12, vinavyohitajika kutengeneza damu. Tatizo ni kiasi na mapishi.

Mwaka 2015, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kuwa nyama za kusindikwa, kama soseji, husababisha saratani. Kula gramu 50 za nyama hizo kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Nyama nyekundu yenyewe ilitajwa kuwa yamkini husababisha saratani.

Mafuta ya nyama choma yanapodondokea makaa, moshi huirudishia nyama kemikali hatari. Kata palipoungua, ongeza maharage na mchicha, na usizidishe nusu kilo ya nyama nyekundu iliyopikwa kwa wiki.