Uhandisi wa kemikali: kijana wa Pwani atapata kazi?

Kila matokeo ya KCSE yakitoka, wazazi mtaani huniuliza kuhusu kozi. Safari hii wengi wanataja uhandisi wa kemikali, na swali lao ni moja: kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe si kilifungwa?

Ni kweli. Kilianza miaka ya 1960, kikaacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Leo matangi yake yanahifadhi mafuta yaliyosafishwa kwingine. Kwale nako, Base Titanium ilimaliza kuchimba mwishoni mwa 2024. Mzazi ana haki ya kuogopa.

Lakini mhandisi huyu si mtu wa petroli peke yake, wala si mkemia wa maabara. Chukua halua. Ukipika sufuria moja nyumbani, jicho na mkono vyatosha. Ukitaka kutoa tani nzima kila siku kwa ladha ileile, lazima ujue moto unafikaje katikati ya rojo, likorogwe kwa kasi gani, maji yakauke kwa muda gani, na gesi itakula pesa ngapi. Hesabu hizo ndizo kazi yake. Kwa hivyo mtafute pia kwenye saruji, mafuta ya kupikia, sabuni, chumvi ya Gongoni na usafishaji wa maji ya kunywa.

Sitawadanganya: kiwanda kimoja hakihitaji wahandisi wengi, na anayetaka kubaki Mombasa maisha yake yote atabanwa. Wa kusafiri ana nafasi zaidi. Vijana wetu tayari wanakwenda Ghuba kuwa walinzi na madereva, ilhali Ruwais na Duqm kuna viwanda vikubwa vya kusafisha mafuta. Bora aende na cheti kinachoheshimika.

Na hapo kwenye cheti ndipo watu huliwa pesa. Digrii ya uhandisi lazima itambuliwe na Bodi ya Wahandisi, EBK, la sivyo hutasajiliwa hata ukimaliza miaka mitano. Moi kule Eldoret ni mojawapo ya vyuo vinavyofundisha fani hii. Sisi wa diploma tuna bodi yetu, KETRB, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Fundi sanifu wa kiwandani anasajiliwa huko, na wala si kazi ya kudharau.

Kabla hujauza ng'ombe au shamba kulipa karo, ingia kwenye tovuti ya EBK uangalie kama kozi hiyo, katika chuo hicho hicho, imo kwenye orodha. Jina la chuo pekee halitoshi.