Bei ya Ua Lisilo na Jina

Kwenye banda la majaribio ya waridi, maua hayana majina. Kila mstari una kibao cha plastiki chenye namba, na nyuma ya kibao kuna miche michache ya aina ambayo bado haijaamuliwa kama itaishi. Nilipoingia katika banda moja la namna hiyo karibu na Ziwa Naivasha, kijana aliyekuwa zamu alikuwa na rula ndefu ya mbao na daftari. Alipima shina tangu lilipokatwa hadi shingoni mwa ua, akapapasa miiba kwa kidole gumba, kisha akaligonga ua kichwani mara mbili kwa kalamu. Petali moja ikadondoka. Akachora msalaba kwenye daftari, akahamia namba inayofuata.

"Hilo ndiyo basi?" nikamuuliza.

"Hilo limekwisha, mzee. Kama linapukutika hapa, Uholanzi litafika kijiti kitupu."

Ua lenyewe lilikuwa zuri mno, rangi ya embe dodo iliyokolea ukingoni. Uzuri haukuliokoa. Na tangu siku ile kila nikisikia wakulima wakilalamika kwamba aina mpya za maua ni ghali, huuliza kwanza: ghali kwa hesabu ipi?

Lawama kubwa huuangukia mrabaha, yaani ada anayolipwa mgunduzi. Sheria ya Tanzania humwita hivyo, mgunduzi, mtu anayezalisha aina mpya ya mmea, na jina hilo linanipendeza kwa sababu lina ukweli ndani yake: sehemu kubwa ya kazi yake ni kutafuta. Anachukua chavua ya waridi moja, anaipaka kwenye jingine, anasubiri miezi minne hivi tunda liive, anapata mbegu chache ambazo nyingi hazichomozi udongoni. Kampuni kubwa za waridi huotesha makumi ya maelfu ya miche ya mbegu kila mwaka, nyingine zikavuka laki, na kila mche ni ndugu asiyefanana na mwenzake. Toka chavua hadi sokoni ni miaka 7 hadi 10. Tuseme basi miche 100,000 imezaa aina 3 za kuuzwa. Kila moja kati ya hizo tatu imebeba mgongoni wenzake 33,000 waliotupwa, na wote walikula maji, mbolea, nafasi na mshahara wa mtu kabla ya kutupwa.

Mfano unaotajwa sana ni waridi la Juliet la David Austin wa Uingereza, lililooneshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya maua ya Chelsea mwaka 2006. Kampuni ilisema lilichukua miaka 15 na pauni milioni 3. Nina shaka kidogo na tarakimu mviringo kama hiyo, maana imewatangazia biashara kuliko bango lolote, lakini tuikubali. Kwa thamani ya pauni ya mwaka ule, hizo ni dola milioni 5 na nusu hivi. Kama mgunduzi angelipwa dola 1 kwa kila mche, angehitaji miche milioni 5 na nusu kurudisha pesa yake tu. Hekta moja ya waridi la kukata hubeba miche kama 65,000. Kwa hiyo ni zaidi ya hekta 80 za mabanda yaliyojaa aina hiyo moja, ndipo shilingi ya kwanza ya faida ionekane.

Zamani hakukuwa na dola 1 yenyewe. Luther Burbank, bingwa wa mimea wa California, aliuza haki ya kiazi chake mwaka 1875 kwa dola 150, na kizazi cha kiazi hicho ndicho leo kinachokatwa chipsi Marekani nzima. Daisi yake nyeupe, Shasta, ua la kudumu ambalo hadi leo halikosekani katika bustani za nchi za baridi, ilimchukua miaka 17 ya kuchanganya jamii nne za daisi, toka 1884 hadi 1901. Ilipotoka tu, mwenye kisu na subira aliweza kuigawa mizizi na kuiuza. Burbank alifariki mwaka 1926. Marekani ilipitisha sheria ya hataza za mimea mwaka 1930, na hataza namba 1 ikatolewa mwaka 1931 kwa waridi litambaalo liitwalo New Dawn.

Sasa turudi shambani, tupige hesabu ya hekta moja. Tarakimu hizi ni za mfano, lakini mkulima yeyote wa waridi anaweza kuweka zake akaona mizani inalalia upande uleule.

Miche 65,000 kwa mrabaha wa dola 1 ni dola 65,000, unalipa mara moja. Kwa shilingi 129 za Kenya kwa dola, ni milioni 8 na laki 4 hivi. Inauma. Lakini mche unakaa ardhini miaka 6, kwa hiyo mrabaha wa mwaka ni dola 10,800 hivi.

Tuseme aina hiyo inatoa mashina 150 kwa mita mraba kwa mwaka. Hekta itatoa mashina milioni 1 na nusu. Bei inayobaki shambani baada ya ndege na mnada tuiweke senti 15 za dola. Ukitaka kupanda aina mpya, lazima ung'oe ya zamani iliyokuwa bado inakupa maua, na mche mpya hautakulipa kwa miezi kama mitano: unakunja matawi ya kwanza yalale pembeni yawe jiko la kupikia chakula cha mmea, unasubiri mashina manene yachomoze toka chini. Miezi mitano bila mavuno ni mashina 625,000 yasiyokatwa. Zidisha kwa senti 15: karibu dola 94,000. Kabla hujamlalamikia mgunduzi, ukimya wa banda lako umekula pesa kuliko yeye.

Halafu kuna gramu. Maua ya Kenya kwa sehemu kubwa huruka, na ndege haiulizi uzuri, inauliza uzito. Shina la gramu 50 na la gramu 40, vichwa vikiwa vinalingana, mnunuzi hawezi kuyatofautisha kwa macho. Kwa mashina milioni 1 na nusu, gramu 10 hizo ni kilo 15,000 kwa mwaka. Nauli ikiwa dola 3 kwa kilo, ni dola 45,000, kila mwaka, kwa miaka sita. Na aina inayotoa mashina 20 zaidi kwa mita mraba inakupa mashina 200,000 ya ziada, dola 30,000 kwa mwaka kabla ya kulipa wavunaji na wafungashaji wake.

Ndiyo maana yule kijana alikuwa na rula. Mrabaha, ukiugawa kwa mwaka, ndiyo tarakimu ndogo kuliko zote katika hesabu hii, na ndiyo pekee inayokuja na ankara yenye jina la mtu, basi ndiyo inayotukanwa.

Kinachotisha kweli ni kwamba tarakimu za banda la majaribio hazihamishiki. Naivasha iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Timau, chini ya Mlima Kenya, inapita 2,200. Usiku wa baridi hupunguza mwendo wa waridi: shina linarefuka, kichwa kinajaa, lakini idadi inashuka. Aina iliyotoa mashina 200 bondeni inaweza kutoa 130 mlimani, na ile iliyokuwa na kichwa kidogo bondeni ikavimba na kuuzwa bei ya juu kule. Wagunduzi wakubwa wa Ulaya hawakujenga mabanda ya maonyesho Naivasha na Nakuru kwa ajili ya mandhari. Wamejifunza kwamba waridi lililochaguliwa chini ya mawingu ya Uholanzi linaweza kufika ikweta likageuka kituko: ukingo wa petali unaungua kwa jua, wekundu unageuka weusi.

Baada ya shamba kuna chumba cha maji. Maua hufungwa kwenye boksi kana kwamba yanasafiri, hulazwa kwenye ubaridi, kisha huwekwa kwenye vyombo katika chumba cha nyuzi 20, taa saa 12 na giza saa 12, na mtu huhesabu siku. Duka kubwa la Ulaya likimwahidi mteja siku 7, aina ya siku 6 haina kazi hata ingekuwa imeshushwa toka peponi. Siku hizi chumba hicho kimeongezewa mtihani mgumu zaidi. Wauzaji wanataka kupunguza ndege na kupakia maua kwenye kontena za baridi Mombasa, safari inayochukua takriban mwezi hata mambo yakiwa shwari, na tangu meli zilipoanza kukwepa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 zikizungukia Rasi ya Tumaini Jema, siku zimezidi. Waridi la kuvumilia mwezi gizani, karibu na nyuzi sifuri, bila kuota ukungu, ni aina tofauti na lile la kulala usiku mmoja ndani ya ndege. Aina nyingi zilizoko mabandani hazikuchaguliwa kwa mtihani huo. Kuzibadilisha kunarudisha saa nyuma kwenye chavua, na miaka yake 7.

Kuna njia ya mkato, ingawa huwezi kuipangia bajeti. Mwaka 1989, huko Somerset, Uingereza, Donald na Rozanne Waterer waliona katika bustani yao mche wa jeranio wa kudumu, mtoto wa jamii mbili zilizochanganyika, wenye maua ya buluu yenye jicho jeupe na usiojua kuacha kuchanua. Hakuna maabara, hakuna pauni milioni 3. Hata hivyo haukuuzwa hadi mwaka 2000, ukiitwa Rozanne: miaka 11 ya kuuzidisha, kuupima na kuuandikisha. Mwaka 2008 ukawa Mmea wa Kudumu wa Mwaka wa chama cha wakuzaji Marekani, na 2013 ukachaguliwa mmea wa karne katika maonyesho ya Chelsea. Rozanne ni tasa, haitoi mbegu za kutegemewa, hivyo kila mche wake duniani ni kipande cha ule wa kwanza. Kwa mwenye hataza, huo utasa ulikuwa mlinzi asiyedai mshahara, angalau dhidi ya mbegu.

Kwa upande wetu mlinzi ni sheria. Kenya ilijiunga na mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, UPOV, mwaka 1999, ikahamia masharti makali zaidi ya mwaka 1991 hapo 2016. Tanzania iliingia 2015. Aina hulindwa ikiwa mpya, ikitofautiana na zinazojulikana, ikifanana mche kwa mche, na ikibaki vilevile kizazi hadi kizazi. Ulaya hulinda ua kwa miaka isiyopungua 25, na ulinzi wake unaweza kulifuata hata ua lililokwisha kukatwa. Ukizidisha miche kwa siri Naivasha, boksi lako linaweza kuzuiwa mlangoni mwa mnada wa maua wa Aalsmeer, Uholanzi. Mkulima anayefikiri ameokoa dola 65,000 ameweka rehani mashina milioni 1 na nusu.

Mtu wa bustani ya nyumbani yuko katika dunia nyingine kabisa. Nilinunua waridi kando ya barabara, likiwa kwenye kiriba cheusi, muuzaji akaniapia ni jekundu na ni jipya. Lilichanua jekundu msimu mmoja. Msimu wa pili machipukizi yakatoka chini ya mahali lilipobebeshwa, mimi kwa ujinga nikafurahi kwamba linanenepa, na msimu wa tatu nilikuwa na kichaka cha waridi la mizizi tu, lile gumu ambalo wakulima hulitumia kubebea wenzake. Nililipa bei ya kikombe cha kahawa mjini, bila mrabaha, bila jina, na nikapata nilicholipia. Kama una waridi lililobebeshwa, chimba kidogo, lifuate chipukizi hadi linapoanzia, ling'oe kwa mkono. Ukilikata kwa mkasi yanarudi mawili.

Kabla sijaondoka kwenye lile banda la namba, kijana alinipeleka ng'ambo, kwenye banda la kawaida la biashara, waridi la rangi moja mpaka macho yanachoka. Katikati ya mstari kulikuwa na tawi lililofungwa utepe mwekundu. Mche ni uleule, mizizi ileile, lakini tawi hilo moja lilikuwa limeamua kutoa ua lenye michirizi ya maziwa. Hutokea: chembe moja hugeuka, na tawi zima hufuata. New Dawn yenyewe ilizaliwa hivyo, tawi lililobadilika kwenye waridi la zamani.

Aliyelifunga utepe ni mama mmoja mvunaji. Kwa masharti ya UPOV ya 1991, aina inayotokana na tawi kama hilo inaweza kuandikishwa kuwa mpya, lakini haiwezi kuuzwa bila ruhusa ya mwenye aina mama, maadamu aina hiyo mama bado inalindwa. Nilimuuliza kijana kama yule mama atapata chochote.

"Alipewa kofia," akasema, akalipima shina kwa rula. Sentimita 62.